Nilimkataza Mama Kulia

Nilimkataza mama yangu kumlilia mwanawe. Nilimkataza mbele ya jeneza, watu wakisikia, kipaza sauti kikiwa mkononi mwangu. Nilichotumia kumnyamazisha ni ufufuo wa wafu. Na siku hiyo mimi mwenyewe sikuamini kwamba wafu watafufuka.

Hilo ndilo kosa lenyewe. Yanayofuata ni maelezo ya jinsi lilivyotokea, wala sitaki yasomwe kuwa utetezi. Nayaandika kwa kuwa misiba haiishi, na wewe unayesoma waweza kukabidhiwa kipaza sauti wiki ijayo. Maneno niliyomwambia mama husemwa sana chini ya maturubai yetu, na mara nyingi husemwa na watu wenye nia njema.

Kwetu ni Rungwe, mkoani Mbeya, kwenye migomba na chai, ambako mwezi wa Aprili mvua hunyesha usiku kucha na asubuhi ukaikuta bado inanyesha. Wamisionari wa Moravian waliingia huku mwaka 1891, na nyumbani kwetu Ukristo una vizazi kadhaa. Mimi ni mtoto wa kwanza. Baba alifariki tukiwa bado shuleni, hivyo mambo mengi ya ukoo yaliniangukia mapema, na nilipokuwa mtu mzima watu wakanichagua kuwa mzee wa kanisa. Niliipenda kazi hiyo. Nilipenda hasa kusimama misibani, kwa sababu niliweza kuongea bila sauti kutetemeka, na watu walinisifu kwa hilo.

Aliyefariki ni mdogo wangu, kitindamimba wa mama. Alikuwa seremala, ana mke na mtoto wa kiume ambaye alikuwa hajaanza hata kutembea. Saratani ya ini haikumpa muda. Tulipoambiwa ni nini, tayari tumbo lilikuwa limejaa maji na macho yamegeuka njano. Tuliomba. Ushirika ulikesha, akina mama walikuja nyumbani kwa zamu, mimi nikafunga. Nilimwambia mdogo wangu, kwa sauti ile ile ya kanisani, kwamba atapona.

Jioni moja aliniomba tuzungumze. Akasema, "Kaka, naomba tupange. Mimi nikiondoka, mama na huyu mtoto itakuwaje?" Nilimjibu asitamke maneno ya namna hiyo, kwamba ni kukosa imani. Alinitazama kidogo, akageukia ukutani. Hakulirudia tena. Alikufa bila kuniambia alichotaka kuniambia, na mpaka leo sikijui. Nalitaja hili mapema ili ionekane kwamba lile la mama halikuzuka ghafla: nilikuwa nimeshaanza kuwanyamazisha watu kwa jina la imani kabla msiba haujafika.

Alifariki kabla hapajapambazuka. Watu hudhani kwamba shaka huja na hasira, mtu akamlaumu Mungu kwa sauti. Yangu haikuja hivyo. Usiku ule nilipiga magoti nikaanza kusali, na katikati ya sala nikajikuta sioni kama kuna anayesikiliza. Nilimaliza maneno, nikasema amina, nikalala. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Sikumwambia mke wangu wala mchungaji. Nilikuwa mzee wa kanisa, mwili wa ndugu yangu uko chumba cha maiti, na watu wananisubiri niseme jeneza linanunuliwa wapi na chakula kitapikwa na nani.

Kuna jambo la kwetu ambalo asiye wa huku huenda asilijue. Msiba wa Wanyakyusa una sauti. Mwanamke anayekuja kwa wafiwa huanza kulia akiwa bado njiani, kwa sauti ya juu, akimtaja marehemu na kumweleza habari zake, na walio ndani humwitikia. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi huku pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika mengi kuhusu mazishi hayo. Kanisa lilileta nyimbo, na polepole kichwani mwa watu wa aina yangu ikajengeka hesabu: kwenye msiba wa mpagani watu hulia, kwenye msiba wa Mkristo kwaya huimba. Hakuna mchungaji aliyenifundisha hivyo. Nilijifunza kwa kusikiliza wazee wakirudi mazishini na kusifia msiba uliotulia.

Siku ya mazishi mambo yalikwenda kwa utaratibu. Historia ya marehemu ilisomwa, watu wakapita kuaga mwili, ikabaki zamu ya familia. Mama alikuja mwisho, dada yangu akimshika. Alipofika kwenye jeneza alijitoa mikononi mwa dada, akainama, akaweka kiganja kwenye shavu la mwanawe, akaanza kumwita. Alimwita kwa jina la utotoni, ambalo hata mkewe hakulitumia. Akamwuliza sasa ni nani atakayemzika yeye. Akamwambia ainuke. Sauti yake ikapanda, na wanawake waliokaa nyuma wakaanza kuitikia.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, nasubiri kutangaza wimbo. Kitu kikanipanda kifuani. Nilijua mama akiendelea kidogo tu nami nitaanguka, na nikishaanguka sitaweza kusimama tena na kuzungumza habari za ufufuo, kwa sababu ndani sikuwa na kitu. Nikamshika mkono juu ya kiwiko. Nikasema, na spika zikayapeleka mpaka barabarani: "Mama, nyamaza. Sisi si wapagani. Ukilia namna hii unamwaibisha Bwana aliyefufuka."

Akanyamaza.

Alinyamaza katikati ya jina. Akajiinua, akafuta uso kwa ncha ya khanga, akaitengeneza vizuri kichwani, akarudi kukaa kwenye kiti chake. Wanawake nao wakanyamaza. Kwaya ikaimba. Baada ya mazishi wanaume walinipa mkono, mmoja akaniambia nimesimama kiume. Nilifurahi kuambiwa hivyo. Katika yote ninayoyaungama hapa, hili ndilo linaloniuma zaidi: siku ya kumzika ndugu yangu, nilifurahia sifa.

Mama alitii. Alitii kupita nilivyotarajia. Watu waliokuja kumpa pole aliwaitikia kwamba kazi ya Mungu haina makosa, akawauliza habari za mashamba yao. Picha ya mdogo wangu iliyokuwa sebuleni aliishusha, akaiweka chini ya godoro. Jina la mwanawe hakulitaja tena mbele yangu. Akakonda. Dada akaniambia kwamba mama hutoka alfajiri, huenda chini kwenye migomba, na kwamba alimfuata akamkuta amejiziba mdomo kwa khanga ili sauti isitoke. Dada alinieleza hayo kwa hasira. Nikamjibu kwamba mama anahitaji maombi.

Shemeji, mke wa marehemu, naye nilikuwa nimempa mahubiri yale yale, faraghani. Alikaa nasi kwa muda, kisha akamchukua mtoto akarudi kwao. Alisema ni mambo ya kazi. Baadaye sana nilikuja kuambiwa maneno aliyomwachia dada: kwamba nyumbani kwetu hata kulia ni dhambi. Kwa hiyo mtoto wa mdogo wangu amekulia mbali na bibi yake. Gharama hiyo haikulipwa na mimi.

Ikafika Pasaka. Sisi Wamoravian tuna ibada inayofanyika makaburini alfajiri ya Pasaka. Desturi hiyo ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana walipokwenda makaburini kabla ya jua kuchomoza wakaimba kati ya wafu wao, na ikaenea kila walikofika wamisionari wa Herrnhut, mpaka huku. Jumamosi watu hufyeka nyasi na kupaka misalaba chokaa. Jumapili, kukiwa bado na giza, tunatoka na taa na miavuli, tope likishika viatu, tarumbeta zikitangulia. Katika ushirika wetu husomwa majina ya waliolala tangu Pasaka iliyopita, na mwaka huo nilipewa mimi kuyasoma. Nilipolitaja jina la mdogo wangu niliinua macho nimtazame mama. Alikuwa amesimama wima, macho makavu. Nikajiambia huo ndio ushuhuda wa imani. Kristo akatangazwa kuwa amefufuka, watu wakaitikia, nami nikaitikia pamoja nao, na sikuamini neno hata moja.

Majuma machache baadaye nilipita kwa mama mchana, nimembebea sukari na dawa zake za presha. Alikuwa jikoni, kwenye kigoda, anamenya ndizi. Ndizi mbichi zina utomvu unaoganda vidoleni na kuvitia weusi, na mama ana kawaida ya kujipaka mafuta kabla hajaanza. Siku hiyo hakujipaka. Vidole vyote vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha. Nikakaa kizingitini. Tukaongea habari za mvua, habari za bei ya majani ya chai. Kisha, macho yakiwa bado kwenye ndizi, akasema:

"Mwanangu, nina swali. Usinikasirikie."

Nikamwambia aulize.

"Siku ile uliponiambia ninyamaze, nilisema moyoni, huyu kuna jambo analijua. Mimi sikusoma sana. Nikasema, nitanyamaza, halafu atakuja kunieleza. Nimekusubiri. Sasa niambie. Mdogo wako atafufuka? Wewe unaamini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo pamoja na sura na aya, na nilikuwa nimewapa watu wengi waliokaa pale alipokaa yeye. Nikafungua mdomo. Nikaona mama ameacha kumenya, kisu kimesimama katikati ya ganda, na ananitazama. Hakuwa ananijaribu. Alikuwa anauliza ili ajue. Miezi yote ile alikuwa amezuia machozi kwa kuamini kwamba kuna kitu ninacho, na sasa alikuwa amekuja kukiomba.

Nikasema, "Sijui, mama."

"Hujui?"

"Sijui. Tangu alipokufa sijui."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza, bila hasira yoyote, "Basi kwa nini ulininyamazisha?"

Hapo ndipo nilipoona. Mpaka dakika hiyo, hata shaka yenyewe niliihesabu kuwa siri yangu, jambo baya lakini la kwangu peke yangu, lisilomdhuru mtu. Swali la mama lilinionyesha shaka hiyo ilikokuwa imekwenda. Sikumnyamazisha kwa ajili ya Mungu. Nilimnyamazisha ili mimi nisisikike. Niliogopa kulia mbele za watu, nikaogopa kwamba nikilia watagundua sina tumaini, basi nikachukua kilio cha mjane mzee nikakizima, na nikataja jina la Kristo nilipokuwa nakizima. Alikuwa amekwenda migombani alfajiri, amejiziba mdomo, kwa ajili ya uhakika nisiokuwa nao.

Nilimwambia hivyo, kwa maneno machache kuliko haya, na nikiwa nasema nikaanza kulia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mdogo wangu afe. Mama alinyanyuka, akanawa mikono, weusi haukutoka, akaja kukaa kizingitini pembeni yangu. Naye akalia. Alilia kwa sauti, kwa Kinyakyusa, akianzia kwenye lile jina nililokuwa nimemkatizia. Jirani alikuja mbio akidhani kumetokea msiba mpya. Mama akamwambia ni ule ule.

Baadaye nikamwuliza yeye mwenyewe anaamini nini. Swali lilimshangaza.

"Atafufuka. Mimi niliacha lini kuamini?"

Nikamwuliza, mbona basi alikuwa analia vile siku ya mazishi. Akafikiri. Akasema, "Ningejua ameisha ningekuwa nimeshanyamaza. Namlilia kwa sababu yupo."

Sikuamini siku hiyo. Nisingependa mtu adhani kwamba machozi yalinirudishia imani hapo hapo. Kilichobadilika ni kwamba niliacha kujifanya, na kwa mara ya kwanza nilitamani jambo lile liwe kweli. Nilikwenda kwa mchungaji, nikamweleza yote, nikaomba kupumzishwa uzee wa kanisa. Akanikubalia. Hakubishana nami. Aliniambia niende nikasome habari za Pasaka katika Injili zote nne, nikiwa mfiwa, nisitafute humo hubiri la kumpa mtu.

Nimesoma sura hizo tangu utoto. Sikuwahi kuona zina machozi na mashaka kiasi gani.

Mariamu Magdalene yuko kaburini analia, na aliyefufuka anamwuliza kwa nini analia, kisha anamwita kwa jina lake. Hamkemei. Kabla ya hapo, katika Yohana sura ya 11, Yesu anafika Bethania akijua atakalolifanya kwa Lazaro, na bado analia. Martha anamwambia kwamba angekuwepo, ndugu yake asingekufa, na Mariamu dada yake anakuja na kusema lile lile. Hayo ni malalamiko ya wafiwa, yamesemwa usoni pa Bwana mwenyewe, naye anayapokea. Mimi nilimkemea mama kwa kumwambia mwanawe ainuke. Mbele ya kaburi la Lazaro, neno hilo ndilo lililokuwa likingojewa.

Na mashaka. Katika Marko, wanawake wanalikimbia kaburi kwa hofu na hawamwambii mtu. Katika Luka, mitume wanaona habari za wanawake hao ni upuuzi. Tomaso anakaa juma zima akikataa kuamini, na wenzake wanaendelea kukaa naye nyumba moja, hawamfukuzi. Katika Mathayo, kule mlimani, mbele ya Yesu aliye hai, wengine bado wanaona shaka, na mwandishi anaiacha sentensi hiyo ibaki.

Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kugeuka, na sababu yake ni ya kwangu, huenda isimfae mwingine. Mimi najua mtu anayetunga uhakika anafanyaje. Nimeufanya ufundi huo. Kwanza unaondoa machozi, kisha unaondoa shaka, unabakiza sauti isiyotetemeka. Ndivyo nilivyoupanga msiba wa ndugu yangu. Watu walioandika Injili hawakupanga hivyo. Waliacha ndani kila kitu ambacho mimi ningekifuta: mitume wasioamini, mashahidi wanaokimbia, mwanamke anayelia mpaka hamtambui aliye mbele yake. Walikuwa na nafasi ya kutengeneza asubuhi safi, hawakuitumia. Nikaanza kuwaamini kama mtu anavyomwamini shahidi asiyejipendelea.

Halafu yale majeraha. Anapomtokea Tomaso, aliyefufuka bado ana alama za misumari. Nilikaa na hilo siku nyingi. Nilikuwa nimedhani kuhubiri ufufuo ni kuyafanya yaliyotokea yasiwe na uzito, tumbo lililojaa maji, macho ya njano, mtu aliyegeukia ukutani kwa sababu kaka yake hakutaka kumsikiliza. Kumbe yeye mwenyewe alitoka kaburini na yaliyompata yakiwa bado yanaonekana mwilini.

Nikarudi pia kwa Paulo, kwa sababu silaha yangu niliichukua kwake. Barua ya kwanza kwa Wathesalonike, iliyoandikwa karibu mwaka 50, ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kikristo. Watu wa Thesalonike walikuwa na wasiwasi juu ya wapendwa wao waliokufa kabla Bwana hajarudi, na Paulo anawaandikia wasizame katika huzuni ya watu wasio na tumaini. Anamaliza kwa kuwaagiza wafarijiane kwa maneno hayo. Aliwapa faraja, mimi nikaifanya amri ya kufunga mdomo. Na Paulo huyo huyo, akiwaandikia Wafilipi, anakiri kwamba Epafrodito aliugua karibu kufa, na kwamba Mungu alimhurumia Paulo naye asipate huzuni juu ya huzuni. Angehuzunika, anasema hivyo waziwazi. Katika Matendo, Stefano aliyeziona mbingu zimefunguka anazikwa na watu wacha Mungu, nao wanamlilia sana. Nilikuwa nimesoma habari za Stefano misibani mara nyingi, na kila mara niliishia kabla ya mstari huo.

Wale Wakorintho waliosema hakuna ufufuo wa wafu walikuwa ndani ya kanisa, wameshabatizwa. Paulo anawajibu kwa sura nzima, ya 15 ya barua yake ya kwanza kwao, na ndani yake anathubutu kutamka jambo nililoliogopa: ikiwa Kristo hakufufuka, basi yote tunayoyahubiri ni bure. Alilitazama hilo usoni kabla hajaendelea. Mimi nililikimbilia jibu ili nisilitazame.

Pasaka iliyofuata nilikwenda makaburini nikiwa nyuma, mtu wa kawaida, na buti za mvua. Mama alipofika kwenye kaburi la mwanawe alilia kwa sauti. Baadhi ya watu waligeuka. Nikasimama karibu naye, nikanyamaza. Tarumbeta zikapigwa, mchungaji akatangaza kwamba Bwana amefufuka, na mama, akiwa bado analia, akaitikia kwa nguvu kuliko sisi wote. Hakumaliza kulia kwanza. Nami nikaitikia, na nilipoitikia nikaona kwamba sisemi uongo. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Mvua ilikuwa inanyesha, tukarudi nyumbani kunywa chai.

Tangu hapo naamini. Zipo siku imani hiyo ni nyembamba, na nimejifunza kumwambia mke wangu siku hizo zikifika.

Kosa nililolifanya hadharani niliona nilitengeneze hadharani. Tulipokusanyika kulijengea kaburi la mdogo wangu, nilisimama mbele ya ukoo na majirani, nikasema kwamba siku ya mazishi nilimkosea mama, kwamba nilimkataza kulia nikiwa mimi mwenyewe sina imani, na kwamba naomba anisamehe. Mama alijibu palepale kwamba ameshasamehe zamani, nikae chini nile. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu, alinivuta pembeni akaniambia sikupaswa kutaja shaka yangu mbele ya vijana, kwamba kiongozi akionyesha ufa, nyumba huanguka. Nilimweleza nionavyo. Hatukukubaliana, na mpaka leo hatujakubaliana. Anasema kwa moyo wa kulipenda kanisa, kwa hiyo simdharau. Lakini mimi nimeshaona kinachotokea nyuma ya nyumba ufa ukifichwa, na sitarudi huko.

Kwa shemeji nilikwenda mwenyewe, kwao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema amenisamehe, ila ameshajenga maisha yake kule na hatarudi. Ana haki. Siku hizi mtoto huja kwa bibi yake wakati wa likizo, ni kijana wa shule sasa, mrefu kuliko wenzake, na ana mikono ya baba yake. Likizo iliyopita tulikwenda pamoja kung'oa magugu kaburini. Alifanya kazi kwa muda bila kusema, kisha akauliza:

"Baba mkubwa, baba akifufuka, atanijuaje? Aliniacha mdogo."

Zamani ningemjibu haraka. Niliacha kung'oa, nikamwambia naamini baba yake atamjua, kwa sababu Mariamu alikuwa hajamtambua Bwana, na Bwana alikuwa ameshamjua, akamwita kwa jina. Nikamwambia pia kwamba itakuwaje hasa sijui, na kwamba swali lake ni zuri, asiliache. Akaniuliza kama baba yake aliwahi kusema chochote juu yake alipokuwa anaumwa. Nikamwambia ukweli: alitaka kusema, mimi nikamzuia. Alinyamaza. Akaniuliza kwa nini. Tulikaa pale kaburini muda mrefu nikimweleza, na alipokuwa na maswali nisiyoyaweza nilimwambia akamwulize bibi yake, kwa kuwa bibi ameamini muda mrefu kuliko mimi.